Bi Badria na Mjukuu Anayecheua

Ukiuliza hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nani anajua kukanda mzazi, hata muuza maji atakuonyesha nyumba yetu. Bi Badria, mama mkwe wangu, ameifanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa. Mwanamke akijifungua, anaitwa. Anakwenda na khanga zake mbili na chupa ya mafuta ya nazi, anachemsha maji, anamkanda mzazi mpaka machozi yamtoke, kisha anamgeukia mtoto: anamwosha, anamnyoosha mikono na miguu, anamsugua tumbo, anamlaza. Siku arobaini anaingia na kutoka hivyo. Kuna wanaume wenye ndevu wanaouza simu Mtaa wa Aggrey ambao mpaka leo wakimwona wanasimama kumwamkia, maana aliwaogesha wakiwa hawana hata jina.

Sasa mtu kama huyo mpe mjukuu anayecheua.

Na sisemi kucheua kwa watoto wote, maziwa kidogo pembeni mwa mdomo, unafuta na kidole yameisha. Mwanangu Idrisa alikuwa anarudisha kama bomba lililopasuka. Ananyonya vizuri, anakutazama machoni kama mtu mwenye jambo la maana la kukuambia, halafu maziwa yote yanarudi: begani kwako, kifuani, kwenye godoro, kwenye zulia la wageni. Siku nyingine anajikunja na kulia kwanza, siku nyingine anacheka huku yanamtoka. Kanzu ya Ijumaa ya mume wangu, Abdulswamad, ilirudishwa kwenye beseni mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Doti saba za khanga nilizopewa zawadi ya uzazi ziligeuka matambara ya begani. Mimi mwenyewe nilinuka maziwa yaliyochacha kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nilishaacha kujinusa.

Alipofika miezi miwili nilimpeleka kliniki. Daktari alikuwa binti mdogo, pengine mdogo kuliko mimi. Alimpima, akatazama kadi, akanionyesha jinsi mstari wa uzito ulivyokuwa unapanda. Alisema mlango wa juu wa tumbo la mtoto mchanga haujakaza sawasawa, ndiyo maana maziwa yanarudi, na kwamba wengi hutulia wakianza kukaa wenyewe, wengine mpaka wakaribie mwaka. Nimnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi. Nimpigepige mgongoni abeue, kisha nimshike wima begani kama nusu saa. Nisimsugue tumbo akiwa ameshiba, na kulala alale chali. Akitapika kijani au damu, akigoma kunyonya, au uzito ukishuka, nisingoje tarehe ya kliniki, nikimbilie hospitali siku hiyohiyo.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi, karibu niimbe. Nikadhani kazi iliyobaki ni kufika nyumbani na kusema.

Nikasema. Bi Badria alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha akauliza huyo daktari ana watoto wangapi. Nikajibu sijui, ni msichana tu. Akasema, "Basi." Akamchukua Idrisa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshiba, akamlaza kwenye mkeka, akajipaka mafuta viganjani na kuanza kumsugua tumbo. Huo ndio utaratibu wake kwa watoto wote aliowahi kuwashika: mtoto akishanyonya analazwa, anasuguliwa tumbo kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu ili maziwa yashuke. Kumsimamisha mtoto mchanga, kwake yeye, ni kumpinda mgongo. Haikuchukua hata dakika tano, Idrisa akarudisha kila kitu juu ya mkeka. Bi Badria akanitazama mimi.

Nilisema mara ya pili na mara ya kumi. Nilisema kwa upole, nilisema kwa kununa, nilisema kupitia kwa Abdulswamad, jambo ambalo ni sawa na kuliambia kabati. Mume wangu anauza spea za bajaji maeneo ya Gerezani, na ni mtu mwema kabisa, ila kati ya mama yake na mke wake ana neno moja tu, nalo ni "tutaona". Mama akisema mtoto asisimamishwe, tutaona. Mke akisema mtoto asilazwe, tutaona. Wiki zikapita na hatukuona chochote zaidi ya khanga zilizolowa.

Likizo yangu ilipoisha nilirudi kazini nikidhani angalau kule nitapumua. Nauza lesi, zipu na vifungo kwenye duka la Evelyn, mama mmoja wa Kichaga, dakika tano kutoka nyumbani kwa miguu. Asubuhi nilikuwa naacha maziwa niliyokamua, anyweshwe kwa kikombe, na saa tano nakimbia nyumbani kunyonyesha. Lakini kila mteja aliyesogea kaunta alinusa, akauliza, akatoa dawa. Mmoja alisema nimpe mtoto maji ya tangawizi. Mwingine akasema maziwa yangu ni mazito, mwenzake palepale akasema ni mepesi. Mama mmoja alininong'oneza, kwa sauti iliyosikika mpaka duka la pili, kwamba mtoto amebemendwa, yaani mimi na mume wangu tumerudiana kitandani mapema na mtoto ndiye anayelipia. Nilimkatia mita zake tatu za lesi bila kumtazama. Evelyn naye aliniletea mtori ndani ya chupa ya chai, akasema watoto wa kwao hawacheui kwa sababu mama zao wanakula ndizi. Nikamkumbusha kwamba mtoto wangu si Mchaga. Akasema ndiyo shida yenyewe.

Nilipokuwa naingia nyumbani saa tano, kitu cha kwanza nilichotazama ni kamba ya kuanikia pale uani. Khanga mbili zinavuja maji, ametapika mara mbili. Khanga nne, nne. Na chupa ya mafuta ya nazi iko dirishani, kizibo wazi. Nilikuwa nakasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia, kwa sababu mwanamke huyohuyo aliyekuwa anamtapisha mwanangu ndiye aliyekuwa amefua hizo khanga zote kwa mikono yake, akaanika, na akaniwekea chakula kimefunikwa. Hasira ya namna hiyo haina pa kwenda, unakaa nayo tu.

Halafu siku moja alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili, aliyekandwa na Bi Badria miezi michache nyuma. Alimleta binti yake tumwone alivyonenepa. Kweli alikuwa kanenepa, mikono ina mikunjo. Bi Badria akamweka Idrisa kwenye mapaja ya mgeni ili watoto waonane, na Idrisa hakuchelewa, akalimwagia buibui lote. Mgeni alijifuta, akacheka kwa heshima, akasema, "Pole, Bi Badria. Wa kwako mwenyewe, jamani."

Neno hilo lilimwingia. Siku ya tatu nikamkuta amembeba Idrisa dirishani, kamfunua mdomo kwa kidole, anachungulia kwenye mwanga. Akatangaza, bila kunigeukia, kwamba mtoto ana kimeo.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Lakini watu wengi wanaamini kwamba kikirefuka kinamtekenya mtoto, ndiyo anakohoa na kutapika, na dawa yake ni kukikata. Wapo mafundi wa kazi hiyo, na mmoja yuko Buguruni, nyuma ya gereji. Namjua alipo, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Buguruni. Namjua pia mtoto wa jirani yetu aliyepelekwa kukatwa kimeo asubuhi, na jioni akarudishwa amefunikwa khanga mpaka usoni. Nilikuwa na miaka tisa. Mama yake alikaa barazani siku nyingi akiwaambia wapita njia kwamba mtoto alikuwa anakohoa tu.

Siku hiyo nilimkosea adabu mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Nilisema, "Mama, mwanangu hakatwi kitu."

Alimfunga Idrisa mdomo taratibu, akamfuta udenda. "Wako?" akaniuliza. "Haya."

Ile "haya" niliibeba wiki nzima. Nilimwambia Abdulswamad kwamba safari hii hakuna cha tutaona, aende akamwambie mama yake hapana, herufi zote sita. Akaniambia mama hawezi kufanya jambo kama hilo bila kumwambia. Nikatulia kidogo. Huo ndio ujinga wangu.

Jumatano, saa tano, nilirudi nyumbani kunyonyesha, na kamba ya uani ilikuwa tupu. Kwanza nilifurahi. Nikaingia ndani, mkeka umekunjwa, chumba kitupu, kikombe cha Idrisa hakipo. Simu ya Bi Badria ilikuwa kitandani. Mpangaji wa chumba cha mbele, anayekaanga maandazi, aliniambia bila wasiwasi wowote kwamba bibi katoka na mjukuu tangu saa mbili na nusu, kapanda bajaji, kasema anafika Buguruni mara moja.

Nikampigia Abdulswamad. Akaanza kwamba mama hawezi kwenda bila kumwambia, kisha akajikatiza. Akasema, "Aliniambia jana. Nikamwambia tutaona."

Nilimkatia simu. Nilichukua bajaji nikiwa na kandambili za uani, blauzi imeshaanza kulowa kwa maziwa kwa sababu saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita, na foleni ya Barabara ya Uhuru haikusogea. Dereva alitaka kujua naharakia nini. Nilimwambia aangalie mbele. Muda wote huo nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno ya miezi minne na nusu, yote mazima, na nilikusudia kuyasema yote mbele za watu, hata kama ningerudishwa kwetu siku hiyohiyo, si nilikuwa naelekea kwetu tayari. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na ile khanga ya mtoto wa jirani, ikifunika mpaka usoni. Nilikuwa naogopa sana. Sijawahi kuogopa kama siku ile.

Kwa fundi palikuwa na uwanja mdogo, mabenchi mawili chini ya bati, na mlango wenye pazia la khanga. Wanawake walijaa na watoto wao. Nyuma ya pazia mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyobanwa, na mimi nikajua ni wa kwangu, nikaanza kukimbia.

Hakuwa wa kwangu. Bi Badria alikuwa amekaa mwisho wa benchi la pili, karibu na lango, mahali anapokaa mtu aliyefika wa mwisho. Idrisa alikuwa begani kwake, wima, amelala mdomo wazi. Mkono mmoja wa bibi ulikuwa mgongoni mwake, wa pili umeshika kikombe kitupu. Khanga ya begani ilikuwa kavu. Nilimgeuza mtoto uso, nikamfunua mdomo, nikatazama. Mzima. Nikachuchumaa palepale vumbini.

Kabla sijainuka, pazia likafunguliwa, fundi akaita anayefuata. Dada mmoja mwenye mapacha akamgeukia Bi Badria. Akasema, "Bibi, ingia basi. Umekuja wa pili saa tatu, kila ukiitwa unapisha. Mimi ni wa sita unayempisha, mpaka naona aibu."

Bi Badria alimjibu kwamba aingie tu yeye, ana wawili, yeye hana haraka. Kisha akaniona vizuri: kandambili, blauzi, kilemba kimelegea. Akaniuliza kama nimeacha duka na nani. Nikasema na Evelyn. Akasema, "Haya. Tuondoke, jua limekuwa kali."

Maneno yangu yote ya miezi minne na nusu sijui yalikwenda wapi. Niliweza tu kumgeukia yule dada, nikamwambia asiwaingize wanawe, awapeleke hospitali, na nikamwambia habari ya mtoto wa jirani yetu. Alinitazama, akawavuta mapacha karibu. Hakuingia. Tulipotoka langoni alikuwa bado amesimama.

Kwenye bajaji nilimnyonyesha Idrisa, kisha Bi Badria akamchukua tena. Tukafika karibu na Karume. Ndipo akaanza kusema, macho yako barabarani, kama anazungumza na dereva. Alisema Abdulswamad alipokuwa na miaka miwili alikuwa anakohoa, na wakwe zake wakasema kimeo. Akampeleka mwenyewe. Akamshika kichwa mwenyewe.

"Damu haikukata mpaka alasiri," akasema. "Nilikuwa nakinga kwa bakuli."

Nilimuuliza ikawaje baada ya hapo.

"Akaendelea kukohoa vilevile."

Nilitaka kulia na nilitaka kupiga kelele, vyote pamoja. Nikamuuliza kama alijua hivyo, kwa nini alimpeleka Idrisa. Akasema kwamba mtaa mzima unamtazama, watoto wa watu wamenenepa mikononi mwake na wake mwenyewe anatapika, na hakuwa na dawa nyingine iliyobaki. Alisema hakulala wiki nzima. Alisema asubuhi alijiambia ataingia, na kila alipoitwa alijikuta anampisha mwingine.

Tukavuka taa za barabarani. Kisha akakumbuka jambo, uso ukamchangamka.

"Lakini leo kanywa kikombe kizima pale kwenye benchi," akasema. "Hakuna pa kumlaza, mafuta yenyewe nimesahau nyumbani. Nikamweka begani tu. Hajarudisha hata tone."

Nilimtazama. Nilingoja. Nilidhani sasa, peke yake, bila mimi kufungua mdomo, atafika. Nilikaza meno ili nisimsaidie.

"Itakuwa ni upepo wa Buguruni," akasema.

Nikafunga macho mpaka tulipofika Kariakoo.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, Abdulswamad alirudi na mapapai mawili na uso wa mtu aliyekosa. Nilimnyonyesha Idrisa pale uani, wapangaji wote wako nje na majiko yao. Mtoto aliposhiba, baba yake akajipendekeza, akamchukua, akainama amlaze kwenye mkeka kama alivyoona ikifanywa miezi yote.

"Usimlaze," Bi Badria akasema.

Abdulswamad akabaki ameinama nusu. Mama yake akajiweka sawa kwenye kigoda, akapandisha sauti kidogo ili yule wa maandazi naye asikie. Alisema amekwenda kwa fundi wa Buguruni, mtu mzito katika kazi yake, na fundi amemwambia huyu mtoto hana kimeo. Alisema mtoto huyu akishanyonya asilazwe, ashikwe begani nusu saa, apigwepigwe mgongo, na tumbo lake lisiguswe kabisa. Anyonyeshwe kidogo kidogo. Na kadi ya kliniki isipotee, fundi kasema uzito uangaliwe.

Kila neno lilikuwa langu. Hata mpangilio ulikuwa wangu. Nilikaa pale na blauzi yangu iliyochacha nikisikiliza maneno niliyoyasema mpaka sauti ikakauka, yakitoka kwa fundi ambaye hakumwona mtoto wangu hata kwa sekunde moja. Wapangaji wakaitikia kwa vichwa. Yule wa maandazi akasema, ndiyo maana inafaa kuwauliza wanaojua.

Abdulswamad akanigeukia. Si mjinga, mume wangu. Maneno hayo alishayasikia kutoka upande wangu wa kitanda, mara nyingi mno. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Kweli fundi kasema hivyo?" akaniuliza.

Bi Badria alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja pindo la khanga yake, anakunja na kukunjua. Ni vidole vilevile vilivyokanda nusu ya Kariakoo.

"Kasema," nikajibu. "Nilikuwepo."

Bi Badria akanyoosha mikono, nikamwekea khanga safi begani, na Abdulswamad akampa mtoto.